Picha ya zamani iko wapi? Uchambuzi wa kisa cha mtoto mwenye mpira kichwani

Kabla ya kuanza

Kisa hiki kilitokea Tanzania Bara, kati ya hospitali mbili. Moja nitaiita hospitali ya mkoa na nyingine hospitali kubwa. Majina, mkoa na kila alama ya kumtambulisha mtu nimeviondoa, na umri wa mtoto pamoja na tarehe nimevisogeza kidogo. Mpangilio wa saa sikuugusa, kwa kuwa ndio unaobeba kisa chenyewe. Mama mzazi alisomewa maelezo haya na akaridhia yaandikwe kwa ajili ya kufundishia. Mimi nilikuwa mmoja wa madaktari waliokuwa zamu hospitali ya mkoa, kwa hiyo baadhi ya makosa yanayochambuliwa humu ni yangu.

Usuli

Mtoto ni wa kike, miaka minne kasoro miezi michache. Alipokuwa na miezi saba aligundulika kuwa na kichwa kikubwa: maji ya ubongo yalikuwa yakijaa bila kupata pa kutokea. Aliwekewa mpira katika hospitali kubwa. Mpira huo, ambao wataalamu huuita shanti, huanzia kwenye chumba cha maji ndani ya ubongo, hupita chini ya ngozi nyuma ya sikio na shingoni, na kuishia tumboni, ambako maji hunyonywa na mwili. Njiani kuna vali ndogo inayoyazuia yasitoke kwa kasi.

Akina mama wa watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi wanajua, pengine kuliko sisi, kwamba mpira haumalizi safari. Unaziba, unakatika, unaingia wadudu. Tafiti za nchi tajiri zimeonyesha kuwa karibu mipira 4 kati ya 10 hushindwa kazi ndani ya mwaka wa kwanza. Ndiyo sababu hospitali ya CURE ya Mbale, Uganda, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilieneza upasuaji wa kutoboa njia ya maji kwa kamera, ili mtoto wa kijijini asiishi akitegemea kipande cha plastiki kinachohitaji hospitali jirani. Mtoto wetu hakufaa kwa upasuaji huo, basi mpira ukabaki.

Alihudhuria kliniki hospitali kubwa hadi alipofikisha miaka miwili, na mara ya mwisho alipigwa picha ya CT, yaani picha ya mionzi inayoonyesha ndani ya kichwa kipande kwa kipande, akiwa mzima, anacheza. Picha hiyo ndiyo iliyokuja kuwa ya thamani kuliko zote. Baadaye familia ilihamia mkoani kwetu, mwendo wa saa kumi na moja kwa basi. Kliniki zikakatika kwa sababu ya nauli.

Hospitali ya mkoa, kama nyingi za ngazi yake katika miaka ya karibuni, ina mashine ya CT. Haina daktari wa upasuaji wa ubongo. Daktari bingwa wa radiolojia tunamshirikisha na hospitali nyingine, naye kwa kawaida husoma picha zetu siku inayofuata.

Mtiririko wa tukio

*Ijumaa.* Mtoto aliletwa saa kumi jioni. Alikuwa ametapika kwa siku mbili, analalamika kichwa, na tangu asubuhi alikuwa amelala tu. Kituo cha afya kilikuwa kimempima malaria, hakikuona kitu, kikampa dawa ya kuzuia kutapika. Joto lilikuwa 37.8. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kugeukia upande wa pua. Kipimo cha fahamu cha Glasgow kilikuwa 14 kati ya 15. Mama alisema maneno ambayo sista aliyaandika kwenye faili kama yalivyo: “Hivi ndivyo alivyokuwa kabla ya kuwekewa mpira.”

Daktari mwanafunzi wa vitendo alipendekeza achomwe sindano ya uti wa mgongo kuangalia homa ya uti wa mgongo. Alizuiwa, na ilikuwa sahihi kumzuia, kwa sababu maji ya kichwani yakiwa na shinikizo, sindano ya chini inaweza kuua.

Saa moja usiku alipigwa CT. Vyumba vya maji vilionekana vikubwa kiasi. Tulipopima uwiano wa Evans, yaani upana wa pembe za mbele za vyumba ukigawanywa kwa upana wa ndani wa fuvu, tulipata 0.37. Kwa mtu asiye na historia, zaidi ya 0.3 ni kubwa. Kwa mtoto aliyezaliwa na tatizo hili namba hiyo haisemi kitu peke yake: wapo wanaoishi salama na 0.40 miaka yote, na wapo ambao 0.33 kwao ni hatari.

Saa mbili usiku niliipiga picha skrini kwa simu, vipande vinne, nikatuma kwenye kundi la WhatsApp la madaktari lenye watu zaidi ya mia moja. Jina la mtoto lilikuwa kwenye kona ya juu ya kila kipande. Sikuliona; nilikuwa naangalia ubongo. Saa tatu na dakika ishirini daktari bingwa mmoja wa upasuaji wa ubongo alijibu: “Vikubwa kiasi. Picha ya zamani iko wapi?”

Mama alikuwa nayo. Alitoa kwenye kikapu bahasha yenye CD aliyopewa siku ya kliniki ya mwisho. Kompyuta za wodini hazina pa kuingizia CD. Tulipata moja ya zamani idara ya mionzi, CD ikasoma, lakini programu ya kutazamia iliyofungwa ndani yake ilitaka nywila ya msimamizi wa mfumo, ambaye alikuwa kwake na simu imezimwa. Saa tano usiku tuliirudisha CD kwenye bahasha yake.

*Jumamosi.* Saa mbili asubuhi tulipiga simu hospitali kubwa. Tulielekezwa tuandike barua. Tuliandika, tukapiga tena, tukapata mteknolojia wa mionzi aliyekuwa zamu, mtu muungwana sana. Alitafuta kwa jina tulilompa, akalipata, na saa tano asubuhi faili lililobanwa likafika kwenye baruapepe yangu. Tulifungua. Vyumba vya maji vilikuwa vikubwa kuliko vya jana, uwiano 0.41. Kwa muda wa kama robo saa chumba kizima kilipumua: kumbe mtoto ana nafuu kuliko zamani, mpira unafanya kazi, basi tutafute ugonjwa mwingine.

Aliyetuokoa ni mteknolojia wetu, kijana asiyependa kusema sana. Aliuliza: “Dokta, mpira wa huyu mtoto uko upande gani?” Kulia. Kovu liko nyuma ya sikio la kulia, kila mtu amelishika. Kwenye picha iliyotumwa mpira ulikuwa kushoto. Tulianza kubishana kama picha imegeuzwa, lakini alama ya upande ilikuwepo na tarehe ya kuzaliwa, tulipoitazama kwa mara ya kwanza, ilikuwa ya mtoto aliyemzidi wetu miaka miwili. Majina yao mawili, la kwanza na la mwisho, yanafanana herufi kwa herufi. Ni majina ambayo ukiyaita kwenye foleni ya kliniki wanainuka akina mama watatu.

Tulirudi kwa mama. Sista akamwuliza: “Mama, siku anawekewa mpira, mtoto alikuwa ameandikishwa kwa jina lake?” Akajibu, “Hapana, sista. Waliandika Mtoto wa, halafu jina langu. Na hadi kliniki ya mwisho wakawa wanaita hivyohivyo.” Kisha akaelekeza kidole kwenye bahasha ya CD. Juu yake, kwa kalamu nzito nyeusi, yaliandikwa maneno hayo pamoja na namba ya jalada. Usiku mzima bahasha ilipita mikono minne, na sote tulikuwa tukitafuta kompyuta ya kuifungua. Maandishi yaliyo juu yake hayakusomwa na yeyote.

Kwa namba ile, hospitali kubwa waliipata picha kwa dakika chache. Lakini mtandao wao wa kutuma nje ulikuwa chini, na mteknolojia wa kule akaamua kutuma kwa simu yake. Picha zote zilikuwa zaidi ya megabaiti mia moja. Zilikatika njiani mara mbili. Saa tisa alasiri mteknolojia wetu alimwambia, “Kaka, acha zile nyembamba. Nitumie nene tu.” Saa kumi jioni zikafika: uwiano 0.28. Vyumba vilikuwa vyembamba kama nafasi ya kidole, na sasa vimetanuka. Mpira umeziba.

Wakati huo kipimo cha fahamu kilikuwa kimeshuka hadi 11, na mapigo ya moyo kutoka 110 hadi 74. Tulimpa dawa ya kupunguza shinikizo la ubongo, kichwa kikainuliwa, na gari la wagonjwa likaondoka saa kumi na mbili na nusu jioni likiwa na muuguzi na daktari mmoja.

*Jumapili.* Walifika alfajiri. Tulikuwa tumetuma CT yetu kwa kiungo kwa mteknolojia yuleyule wa jana, lakini zamu yake ilikuwa imeisha. Flashi aliyobeba daktari haikusomwa, kwa kuwa kompyuta za kule zimefungwa zisipokee flashi kutoka nje. Mtoto alipigwa CT ya pili. Saa tano asubuhi aliingia chumba cha upasuaji. Kipande cha juu cha mpira kilikuwa kimeziba, kikabadilishwa.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi mkubwa ni ule ambao hatukuufanya Ijumaa usiku: kumpeleka. Sababu zilikuwepo na hazikuwa za kipuuzi. Gari la wagonjwa ni moja kwa usiku, na likienda mwendo ule halirudi kabla ya siku mbili. Mwezi uliotangulia tulikuwa tumempeleka mtoto mwingine mwenye mpira, ikaonekana ni maambukizi ya tumbo, na familia ikabaki mjini wiki moja bila pa kulala. Hospitali kubwa nayo ilikuwa imetuandikia, kwa upole, kwamba rufaa ziwe na ushahidi. Kwa hiyo tuliposikia “picha ya zamani iko wapi”, tulilisikia kama sharti. Daktari bingwa alikuwa akiuliza swali la kitaalamu; sisi tukaligeuza kuwa kibali cha safari.

Uamuzi wa kutumia kundi la WhatsApp ulikuwa wa mazoea. Ndiko madaktari walipo usiku, na ndiko jibu lilikotoka, ndani ya saa moja na dakika ishirini.

Uamuzi wa hospitali kubwa kutuma picha bila barua rasmi kukamilika ulikuwa wa ujasiri, nami sitausema vibaya. Uamuzi wao wa kurudia CT nao nilimwuliza daktari aliyefanya upasuaji. Alisema hata angekuwa na picha yetu mkononi, pengine angerudia, kwa kuwa hali ya mtoto ilikuwa imebadilika tangu Ijumaa na alitaka kuona ncha ya mpira iko wapi kabla ya kukata. Lakini akaongeza kwamba hakupewa nafasi ya kuchagua.

Matokeo

Mtoto aliamka siku ileile. Aliruhusiwa baada ya siku tisa. Jicho la kushoto lilikaa upande kwa majuma kadhaa kisha likarudi. Anaongea, anatembea, na mama anasema amekuwa msumbufu kuliko zamani, jambo tulilolipokea kama habari njema.

Kati ya CT ya kwanza na kisu zilipita saa 40. Kati ya hizo, karibu 19 zilikwenda kwenye kutafuta picha ambayo muda wote ilikuwa salama, haijapotea, imehifadhiwa vizuri.

Uchambuzi

*Mwenye kosa si WhatsApp*

Tulipokaa kujadili kisa hiki, mzungumzaji wa kwanza alilaumu picha za simu, na wengi wakaitikia. Sikubaliani, ila lazima nieleze kwa uangalifu. Picha ya CT katika umbo lake asili, la DICOM, hubeba thamani ya kila nukta kwa kipimo cha Hounsfield: maji ni 0, hewa ni karibu -1000, mfupa mgumu hupita 1000. Maji ya ubongo na ubongo wenyewe vimetengana kwa namba 20 hadi 40 tu kwenye mstari huo mrefu. Kwenye mashine unaweza kufungua dirisha jembamba, yaani kuonyesha sehemu ndogo tu ya mstari huo, ukaona tofauti hiyo, kisha ukafungua jingine ukaona damu au ncha ya mpira. Ukipiga skrini kwa simu, dirisha moja ndilo unalotuma, na mwenzako hawezi kulibadilisha. WhatsApp nayo huibana picha zaidi, isipotumwa kama waraka.

Hayo ni kweli. Lakini swali la Ijumaa usiku lilihusu ukubwa wa vyumba, na uwiano wa Evans unaweza kupimwa hata kwenye picha ya simu iliyopigwa bila kuinamisha. Daktari bingwa aliona alichohitaji kuona. Alikosa kitu cha kulinganisha. Hata kama tungemtumia faili zima la DICOM usiku ule, swali lake lingekuwa lilelile.

Kosa la kundi lile lilikuwa jingine: jina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeweka taarifa za afya na zinazohusu watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Mimi niliweka zote mbili mbele ya watu zaidi ya mia, wengi wao nisiowajua. Nilizifuta asubuhi. Kufuta kwenye simu yangu hakufuti kwenye simu zao.

Hapa pana kitu kilichonishangaza nilipopanga matukio kwa saa. Mahali ambapo jina halikutakiwa, kwenye kundi, lilikwenda kamili. Mahali ambapo utambulisho kamili ulikuwa lazima, kati ya idara mbili za mionzi, tulituma majina mawili tu kwa mdomo: bila tarehe ya kuzaliwa, bila jina la mama, bila namba. Wengi tumefundishwa usiri kama kuficha jina kila mahali. Kwa matibabu, picha isiyo na utambulisho ni hatari kuliko kutokuwa na picha, kwani unaiamini.

*Watoto hubadilika majina*

Mifumo mingi ya kuhifadhi picha, ile inayoitwa PACS, imejengwa kwa kumfikiria mtu mzima: jina moja, namba moja, maisha yote. Mtoto si hivyo. Huandikishwa wodini kama “Mtoto wa” fulani, na pengine pacha wake anafuata akiwa “Mtoto wa” fulani wa pili. Akipewa jina, jalada hubadilishwa au halibadilishwi. Baba akijitokeza, jina la mwisho hubadilika. Akianza shule, linabadilika tena ili lilingane na cheti. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, kwa kawaida hana hadi afikishe miaka 18. Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa usajili, kina namba, lakini sijaona bado idara ya mionzi inayoiuliza.

Faili la DICOM lina nafasi maalumu ya jina, namba ya mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa na jinsi, na vyote husafiri ndani ya kila kipande cha picha. Kwa hiyo zana ya kukagua ilikuwemo ndani ya faili la Jumamosi asubuhi tangu sekunde ya kwanza. Tulikuwa madaktari watatu mbele ya skrini na wote tulikwenda moja kwa moja kwenye vyumba vya maji. Tulikamata kosa kwa kovu, yaani kwa bahati ya upande. Kama mtoto yule mwingine angekuwa na mpira kulia, mtoto wetu angebaki wodini akitibiwa tumbo.

*Vipande vinene kwanza*

Hili lilifanya kazi na linastahili kunakiliwa. Kipande kimoja cha CT kina nukta 512 kwa 512, kila nukta baiti mbili: nusu megabaiti. Mashine za sasa hutengeneza vipande vyembamba 200 au zaidi kwa kichwa kimoja, ndiyo megabaiti zaidi ya mia. Kutokana na hivyohivyo hutengenezwa seti ya vipande vya milimita tano, kama 30 hivi, megabaiti 15. Kwa kulinganisha vyumba vya maji, seti nene inatosha kabisa, na inapita hata kwenye bando la mtu binafsi. Nyembamba zifuate zikiwa na nafasi, kwa daktari wa upasuaji anayetaka kufuata njia ya mpira. Hakuna mwongozo uliotufundisha hilo. Ni kijana aliyechoka kuona namba ya upakuaji ikirudi sifuri.

*CT ya pili*

CT moja ya kichwa kwa mtoto ni karibu milisivati 2, takriban sawa na mionzi ya asili ambayo mtu huipata kwa mwaka mzima. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Lancet, uliofuatilia zaidi ya watu 170,000 waliopigwa CT utotoni au ujanani, ulikadiria kuwa CT ya kichwa kwa watoto 10,000 walio chini ya miaka kumi huleta takriban kisa kimoja cha ziada cha saratani ya damu na kimoja cha uvimbe wa ubongo katika muongo unaofuata. Kwa mtoto mmoja na CT moja hiyo ni hatari ndogo, na mpira ulioziba ni hatari kubwa. Hakuna wa kusita. Lakini mtoto mwenye mpira hapigwi mara moja. Huyu wetu, kwa hesabu ya mama, amefikisha sita. Kipimo cha mawimbi ya sauti (ultrasound) kilimfaa tu alipokuwa mchanga, kabla utosi haujafunga. MRI ya haraka, inayotumia sumaku badala ya mionzi, ingefaa sasa, ila haipo kwetu.

Kwa hiyo kila picha isiyofika inalipwa na mwili wa mtoto. Pia na mfuko: familia hii haina bima, na CT ya Jumapili ilipita kwa msamaha wa ustawi wa jamii baada ya saa moja ya maelezo, mtoto akiwa kwenye machela.

*Mama*

Alisema utambuzi wa ugonjwa saa kumi jioni Ijumaa. Sista aliuandika. Mimi niliusoma na kuuweka chini ya “maelezo ya mzazi”. Kwa watoto wenye mpira, kauli ya mzazi kwamba dalili zimefanana na za awali ni ushahidi mzito, na picha hata ikiwa nzuri haiwezi kuufuta: wapo watoto ambao mpira huziba na vyumba visitanuke. Kwa kutapika, usingizi na jicho lile, rufaa ilitakiwa kuondoka Ijumaa, picha ikitafutwa gari likiwa njiani. Hilo ndilo kosa langu, na hakuna seva itakayolitibu.

Kilichobadilika

Mambo mawili yalifanyika haraka. Kwenye fomu yetu ya rufaa ya watoto kuna mstari mpya: “Jina lililotumika hospitali nyingine (pamoja na ‘Mtoto wa…’), namba ya jalada ya huko, jina la mama, tarehe ya kuzaliwa, upande wa mpira.” Na kila mtoto mwenye mpira anayekuja kwetu hata kwa mafua, CD au filamu yake ya zamani inanakiliwa siku hiyo. Mtaalamu wetu wa TEHAMA aliweka Orthanc, programu huria ya kuhifadhi DICOM iliyoanzia hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji, kwenye kompyuta iliyokuwa inasubiri kutupwa. Inafanya kazi. Tatizo ni kwamba inategemea mtu mmoja kuikumbuka nakala yake ya akiba.

La tatu limechukua miezi. Hospitali kubwa imetupa namba ya simu ya idara ya mionzi inayokaa zamu, si ya mtu, pamoja na sanduku moja la baruapepe linalofunguliwa kila zamu. Mkataba wa kubadilishana picha bado uko kwa wanasheria. Msimamo wa kufunga flashi haujabadilika, nami nauelewa. Virusi vya kompyuta vimeshawahi kuwalaza siku mbili.

Kuhusu CT ya Jumapili, kulikuwa na jambo lililogunduliwa Jumanne, wakati daktari wa kule alipotaka kuilinganisha na yetu. Haikuwepo kwenye jalada la “Mtoto wa…”. Mapokezi walimsajili alfajiri kwa jina lake la sasa, mfumo ukapendekeza jina lililopo, wakabonyeza kukubali. Picha ya vyumba vilivyotanuka na mpira ulioziba ilikuwa imelala kwenye jalada la yule mtoto mwingine, mwenye mpira wa kushoto, ambaye alikuwa na miadi ya kliniki Alhamisi. Majalada yalitenganishwa Jumatano mchana.